Nafasi Juu ya Sauti

Mwaka juzi, usiku wa Mtakatifu Roko, iliungua moja.
Spika haipigi yowe inapokufa:
inaacha tu kuitamka herufi s,
na watu wanaendelea kucheza.

Delmiro akasema umeme ulizidi.
Ngoma ivumayo sana hupasuka, akasema,
akanunua amplifaya ya wati mia na hamsini
kwa spika za wati mia tatu,
kama mtu amnyimaye mbwa chakula
ili asiume.

Mwaka jana zikaungua tatu.

Nilizibeba hadi jikoni kwangu Carballo,
nikafungua skrubu nane, na nane, na nane,
mama akilalamika juu ya meza yake.
Koni za besi zilikuwa nzima, hazina hata mkwaruzo.
Waliokufa ni wale wadogo wa sauti nyembamba,
koili zao, uzi mwembamba kama unywele,
nyeusi kama majani ya chai yaliyosahauliwa birikani.

Delmiro, nilimwambia,
amplifaya ndogo haina neno ikinong'ona.
Lakini hapa ni uwanja wa kanisa,
watu mia nane, mvua juu ya turubai,
na Maruxa anataka asikike hadi kwa wachemsha pweza.
Wimbi linapanda, linagonga dari.
Kilele kinakatwa, linabaki bapa, lenye pembe,
na pembe zote hizo zinamshukia mdogo.
Kilichomuunguza ni unyonge
uliolazimishwa kupiga kelele.

Akanitazama kana kwamba nimemtukania marehemu.
Kisha akauliza bei.

Mwaka huu tumekuja na ya wati mia tano.
Kilo ishirini na mbili; tuliipandisha jukwaani
tukiwa wawili, Delmiro akiita majina ya watakatifu
na mengine yasiyo ya watakatifu.
Mvua ilikuwa ile ile. Jenereta lile lile la manispaa.
Nikaunga spika mbili za miguuni pa mwimbaji:
nane na nane, bega kwa bega, ni omu nne,
na nne ndiyo iliyoandikwa mgongoni mwa chombo,
isishuke hapo.

Maruxa akaja na koti juu ya gauni la shanga.
Niongezee ya tatu, akasema. Sisikii.
Ya tatu ingetushusha hadi mbili na theluthi mbili,
lango wazi, mkondo ukipita kama ng'ombe waliokatiwa kamba,
na katikati ya wimbo wa pili, kimya.
Nilikuwa na jibu lote hilo mdomoni.
Lakini nilimwona akigeuza kichwa kunisikiliza,
akinipa upande wa kulia,
akinipa tena upande wa kulia.
Miaka sitini na mmoja, majira thelathini na tisa jukwaani.
Sikio la kushoto lilikwisha zamani,
na sidhani amewahi kumwambia mtu.

Sikuongeza.
Nilipiga magoti kwenye maji, nikasogeza moja hatua mbili,
nikaielekeza sikio la kulia.
Sasa? Akaimba mstari mmoja, akanyamaza.
Akanigusa bega, akaenda kupaka rangi ya midomo.

Usiku kucha Delmiro alisimama mbele ya taa za kipimo,
kidole karibu na swichi,
akingoja nyekundu.
Kijani. Kijani. Njano mara moja,
tarumbeta zilipoingia zote kwa pamoja,
kisha kijani.
Hakuniambia kitu. Aliniletea pweza kwenye sahani ya mbao,
na kijiti kimoja, tukala kwa zamu.

Wimbo wa taratibu ulipofika nilishuka,
nikapita wanaocheza, nikapita sufuria za shaba,
hadi ukuta wa makaburi, mita mia moja na kumi,
nisikie kinachofika.
Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka mikalitusi.
Gitaa lilinyamaza.
Na kabla ya neno lake la kwanza
nikaisikia, nzima, haijakatwa popote,
pumzi ya Maruxa ikiingia.