Siku ya Tatu

Nilifika Lakhvari juu ya lori la magogo,
mwezi wa tatu, theluji bado imeng'ang'ania minara,
na dereva alinitaka nikae nyuma, katikati kabisa,
ekseli isije ikakatika.

Nilikuwa na miaka tisa na kilo ishirini na saba.
Hizo ni kilo za siku njema.
Nikiona haya nageuka jiwe, kuanzia ndani:
kwanza tumbo, kisha magoti, kisha ulimi,
na chochote nilichokikanyaga hulia, halafu hupasuka.
Kutaisi nilivunja ngazi ya shangazi.
Zugdidi nilivunja kitanda, na sakafu, na subira ya watu.
Nyumba nne. Zote zilinifungia mzigo kwa upole:
mkate, soksi, maneno matamu.
Akufukuzaye hakwambii toka.

Mlangoni alisimama Nazibrola, unga hadi kwenye kope.
Hakuuliza uzito wangu.
Aliuliza: "Jozi unakula, au zinakuwasha koo?"

Ndani alikuwamo Mzekala, msichana asiye na kivuli,
aliyeazima cha jirani siku za harusi
akakirudisha kimekunjwa kama shuka.
Alikuwamo mzee Bessarion, aliyekufa mara mbili
na mara zote mbili akarudi kufuata miwani.
Na kwenye dohani, upepo mdogo,
yatima wa dhoruba ambayo hakuna aliyeikumbuka;
walimwita Chwii
kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilolijua.

Kijijini walisema: nyumba ile
ni kapu la vilivyokataliwa.
Nazibrola alisikia. Alikanda unga.

Siku ya kwanza nilikula nimesimama.
Siku ya pili walinivutia kiti.
Bessarion akasimulia jambo, sikumbuki nini,
kuhusu mbuzi na kofia ya hakimu,
wote wakacheka, na mimi, kwa mazoea,
nikadhani mimi ndiye mbuzi.
Tumbo. Magoti. Ulimi.
Mbao zilipiga kelele moja tu
nikashuka, na kiti, na bakuli, na maharage yangu,
mpaka kwenye udongo baridi chini ya nyumba.

Kimya.
Nilianza kuhesabu soksi nilizo nazo.

Kisha taa ikatokea ukingoni mwa shimo,
na nyuma ya taa uso, na kwenye uso unga.
Nazibrola alitazama huku, akatazama kule,
akapima kwa macho kama anayenunua kitambaa.
"Bessarion," alisema, "njoo uone.
Miaka kumi na miwili nakuomba ghala la chini.
Mtoto huyu ametumia dakika moja."

Chwii akashuka kunipuliza maharage shingoni.

Siku ya tatu nilivaa viatu alfajiri, tayari kwa safari.
Nilimkuta jikoni. Mkononi hakuwa na mkate wa njiani.
Alikuwa na jembe.
Kipini chake kilifungwa kitambaa chekundu
pale ambapo mikono midogo ingeshika.
"Pembe ya kushoto," alisema, "bado kuna mawe.
Nadhani mtaelewana."

Mgeni siku mbili, ndivyo tunavyosema;
ya tatu mpe jembe.
Watu huutumia msemo huo kumsuta mvivu.
Mimi nililia juu ya lile jembe mpaka nikawa mwepesi,
mwepesi hata Mzekala akanishika mkanda
nisije nikaondoka na Chwii.

Leo wale wale wa kapu huleta jibini zao
zikomae ghalani kwetu. Hawasemi kitu. Hubisha hodi.
Nazibrola haoni tena vizuri, hutambua mkate kwa kuugonga.
Bessarion bado ana miwani.

Juzi usiku ameletwa binti kutoka bondeni,
kila anachokigusa akiwa na hofu huota manyoya:
kikombe, kitasa, sasa na mto wa Nazibrola,
ambao, kusema kweli, ulikuwa mgumu.
Anakaa ukingoni mwa kiti. Viatu hajavua.
Anahesabu vidole chini ya meza, anadhani sioni.

Nimeshuka ghalani na jiwe la kunolea.
Kitambaa chekundu kimechakaa.
Natafuta kingine.