Matundu Kumi na Saba

Nilitoboa matundu kumi na saba
katika nyumba ya Shekuwe Madi, mtaa wa Mkomani,
kabla sijauliza swali hata moja.
Nayajua kwa idadi kwa sababu niliyaziba mwenyewe,
kwa chokaa na kisu cha kupakia siagi,
na kila moja lilinidai nusu siku.

Shekuwe alikuwa Maskati. Alituma sanduku:
taa zinazosikia sauti, feni ya kuamrishwa,
kamera mbili, kitasa kisichotaka ufunguo.
"Fundi, wiki moja itatosha?" aliniuliza kwa simu.
Nami, mwenye cheti kipya na drili ya mkopo,
nikajibu itatosha na siku itabaki.

Ukuta ule una unene wa mkono wangu,
toka kiwiko mpaka ncha ya kidole.
Matumbawe na chokaa; aliyeujenga hatajwi tena.
Nikafunga ruta ukumbini, nikapanda na simu:
vijiti vitatu, kimoja,
kwenye kipandio cha nne, hakuna.
Nikatoboa waya upite. Jiwe.
Nikatoboa pembeni. Jiwe.
Juu kidogo, nikatokea ndani ya kidaka
alimoweka Bi Khuzaima, mamake Shekuwe,
bakuli la kaure alilorithi kwa mamake.

Sitasimulia sauti ya bakuli.
Bi Khuzaima mwenyewe hakutoa yoyote.
Aliokota vipande, akavifunga kwenye leso,
akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mlango nao.
Wa kuchongwa, mbawa mbili, mfaa katikati,
na kitasa kimetengenezewa mlango wa kiwandani,
ubao mmoja mwembamba kama ahadi yangu.
Ningepima. Sikupima.
Mfaa ulipasuka toka ua hadi ua,
na mchongaji alipotaja bei yake
ilizidi ya sanduku zima na nauli.

Walisema kuuliza si ujinga.
Hawakusema kutouliza ni shilingi ngapi.

Siku ya sita umeme ukakatika.
Kitasa kiliingoja ruta,
ruta iliungoja umeme,
umeme ulimngoja mtu wa kampuni avuke kutoka Mokowe,
na Bi Khuzaima, aliyetoka khitmani,
alingoja barazani kwake kama mgeni,
mkate wa sinia unapoa magotini.
Kila apitaye alitoa salamu, kisha ushauri.
Mwenye punda alipendekeza shoka.
Hatimaye kijana wa jirani akapitia darini,
akatufungulia kwa ndani, akicheka.
Mimi sikucheka. Nilitazama skrubu zangu za bei rahisi:
zilishaanza kutoa kutu, wiki haijaisha.

Basi Barke, wewe unayenibebea ngazi
na kunong'ona kwamba nimekuwa mzito,
ndiyo, leo tumemaliza asubuhi nzima
tukigonga ukuta kwa vifundo vya vidole
na mwenye nyumba ametutazama kama waganga.
Nilimuuliza nani analala wapi.
Nani hana simu. Nani haoni usiku.
Giza likiingia ghafla, mkono wa nani
unatafuta swichi, na upande gani?
Nikamwambia anunue taa moja tu,
aishi nayo mpaka mwezi uandame tena.
Hakufurahi. Alitaka zote kumi na mbili.
Tumepoteza kazi, labda. Labda atapiga simu.

Kitasa cha Shekuwe kipo kabatini, ndani ya soksi.
Mlangoni umerudi ufunguo wa chuma,
mzito, unaoacha harufu kiganjani,
na pembeni yake, kwa waya mmoja mfupi,
kengele inayolia mpaka Maskati.
Hiyo Bi Khuzaima anaipenda.
Huibonyeza akiwa ndani, mwanawe akiwa kazini,
kumuuliza amekula nini.

Matundu kumi na sita nimeyaziba.
La kumi na saba, ukutani juu ya birika,
alinikataza.
Humo huchomeka mswaki wake.