Pamba Sikioni

Kilikuja kimeviringishwa kwenye kanga iliyopauka
ndani ya kasha la misumari ya inchi tatu.
Bi Shirini Jiwa akakiweka mezani kwangu, Makoroboi,
kati ya daftari za mahakama na hesabu za wauza dagaa.
"Uzi umeoza," akasema. "Kishone. Usikisafishe."

Miaka kumi na tisa najalidi.
Kitabu cha madeni nakijua kwa uzito,
Biblia ya Kisukuma kwa jasho la kidole gumba.
Hiki sikukijua.
Dhahabu pembezoni, kama jua linapoanza kugusa
mawe ya Igogo, yale ya juu tu;
buluu yake ile ya ziwa
mvua ikiwa bado iko Ukerewe.

Mdudu alikwishakisoma kabla yetu.
Tundu moja, jembamba, karibu na mkunjo,
toka jalada hadi jalada.
Hakuruka ukurasa.
Hakuomba tafsiri.

"Hapa panasemaje?"
Bi Shirini akavaa miwani, akaivua.
"Kiajemi alikijua babu. Mimi nadonoa tu, kama kuku."
Akadonoa. *Rang*, akasema.
Rangi, nikasema.
*Bustan.* Bustani.
*Bandar*, na meli ikapiga honi kule bandarini,
tukacheka wote wawili.
"Na hili, *panba*."
Pamba?
"Pamba hiyohiyo. Anasema, mwenye kupenda
na aitoe sikioni."

Baba yangu alifanya kazi kwenye kinu cha pamba, Magu.
Mashine zilinguruma, naye akaziba masikio
kwa kile alichokichambua.
Jioni alirudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi,
tukamwita, hakugeuka.
Baadaye hakuwa na pamba sikioni, na bado hakugeuka.
Mama alimwita mara ya mwisho
akiwa hatua tatu tu kutoka kitandani,
anachonga mpini.

Haya sikumwambia Bi Shirini.
Nilimwambia bei.

Usiku nikaupaka uzi nta. Uzi wa pamba, hakuna mwingine.
Jirani akazima jenereta,
na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikalisikia ziwa
likilamba mawe, polepole, kama mtu anayehesabu noti.
Kwenye ukurasa ule mkono ukasita,
sindano hewani:
nitoboe wapi, karatasi nyembamba hivi,
nisijeruhi neno?

Nikapita kwenye tundu la mdudu.