Sababu ya Kuomba Moyo

Oulu, Novemba. Saa tatu asubuhi
na usiku bado haujafunga mizigo yake.
Tuovi Kemppainen anabandika birika, kisha anawasha kompyuta,
kwa utaratibu wa mtu avaaye soksi kabla ya viatu.
Jana duka la programu limemrudishia kazi.
Mara ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa aikoni:
pembe zilichomoza nje ya duara,
na saa ya mviringo haitaki pembe.
Akazipunguza, kama akataye kucha za mtoto aliyelala.
Ya pili, picha:
zilionyesha mkono, malaika ya mkono, kovu la mkono,
nao wanataka kioo peke yake,
pikseli mia nne hamsini kila upande,
kisivaliwe na mtu.
Akatii. Mkono ulikuwa wa Ilmo, kaka yake.
Akamfuta Ilmo, akaibakiza saa.

Hii ya tatu haina hata salamu:
"Programu inaomba mapigo ya moyo. Sababu haijaelezwa.
Eleza kwa herufi zisizozidi themanini."

Themanini.
Anaandika: Kaka yangu ana kigugumizi.
Anafuta.
Anaandika: Anauza misumari na bawaba huko Kempele,
na kwa lugha yetu mbili, tatu, sita, nane na kumi
zote huanza na K,
na K ndiyo inayomkwama kooni kama mwiba wa samaki,
hivyo hupenda wateja wa bei ya yuro tano;
mteja wa yuro nane akija, moyo hutimua mbio, ulimi hubaki nyuma,
ndipo saa humgonga kifundoni, tu, tu,
kama mgeni abishaye hodi
asiye na haraka ya kufunguliwa.
Kioo kimegeuka chekundu. Amevuka mpaka kitambo.
Anafuta.

Nje, katapila linakwangua theluji barabarani.

Utotoni alikuwa akimmalizia maneno.
Kituo cha basi. Kwa daktari wa meno. Kwenye simu na bibi.
Alidhani ni wema:
miaka kumi na mitano ya kumlisha mtu mzima wa akili
maneno yaliyokwisha kutafunwa.

Chai imepoa. Anaandika:
"Ili saa ijue moyo unapokimbia, na imkumbushe mwenyewe apumue."
Sitini na moja, nafasi na nukta zikiwemo.
Zimebaki kumi na tisa.
Anaziacha zibaki.

Kisha yale mengine: toleo, moja nukta sifuri.
Bei, bure. Umri, wote.
Kundi: Afya? Michezo?
Anachagua Vifaa, kwa heshima ya bawaba.
Anabonyeza Wasilisha, anakwenda kuosha kikombe
ambacho hakikuwa kichafu sana.

Jibu lilimkuta Alhamisi kwenye foleni, ameshika mfuko wa shayiri.
Imekubaliwa.
Hakuna aliyegeuka. Foleni ikasogea hatua moja, naye akasogea.

Juma zima, watu sita.
Mmoja akaacha nyota moja na maoni: "Inatetema tu."
Ambayo ni kweli.

Jumapili simu ikalia.
Ilmo hapigi simu; Ilmo huandika.
"Nimeona," akasema, "wameshafika k—"

Tuovi alilijua neno. Lilikuwa mdomoni mwake, zima, limemenywa.
Sita. Kwa Kiswahili chetu ni idadi,
na ni kusimama katikati ya njia, mguu mmoja juu.
Akalimeza.
Akatazama dirisha, mti wa mbetula, taa ya jirani.
Upande wa pili, karibu na kinasa sauti,
kitu kidogo kiligonga mfupa: tu.
Tu.

Birika likachemka, likajizima.

"—kuusi," akasema Ilmo.
Sita.
Na hakuna aliyemsaidia.