Kwa Penseli

Nasri alituma kichupa kutoka Rotterdam
na karatasi ya maelekezo: usile, usinywe,
usitafune chochote kwa nusu saa, kisha tema.
Nusu saa bila kahawa, Mtaa wa Mchikichi,
muuza kashata akigonga vikombe dirishani kwangu!
Nikatema. Mate yakaja kwa shida, kama deni.

Bibi Zafarani aliwahi kunitemea utosini
siku niliyoanza shule,
mate ya dua, ya uvuguvugu, yenye harufu ya tambuu.
Nilijifuta kwa kola.
Sasa nakitafuta kichupani
kile nilichokifuta.

Wanaviita vinasaba. Nimefundisha baiolojia
miaka thelathini na moja, na sikuwahi kulisikia neno lenyewe:
nasaba ndogondogo,
zilizokunjwa kama hati
ndani ya sanduku la mtu aliyekufa na ufunguo.

Nasaba kubwa iko kwa Mjomba Mwinshehe, sebuleni,
ndani ya fremu, chini ya saa iliyosimama:
wanaume ishirini na tisa kwa wino mweusi,
fulani bin fulani bin fulani,
mpaka bandari ambayo hakuna kati yetu aliyeiona.
Wanawake hawamo. Ungedhani wale mabwana
walichipua wenyewe, kama uyoga.
Mama yake Bibi Zafarani tunamjua kwa jina tu: Faida.
Tulilirithi bila kuuliza
faida ya nani.

Na Bibi, akijikwaa, hakusema "Lahaula" kama majirani.
Alisema "Ambuje!"
Tulicheka. Tulimwiga uani, tukiruka kamba.

Majibu yaliingia kwenye simu wiki ya saba, umeme umekatika.
Jina la juu kabisa: Tausi Kandulu, binamu wa mbali.
Nikadhani yuko Brazil.
Yuko Mbagala.
Muuguzi; alipimwa akiwa masomoni ng'ambo, kwa mchezo tu.
Pengine aliwahi kunidunga sindano.

Alikuja Jumapili na korosho kwenye mfuko wa kaki.
Hakuitazama fremu. Alitazama miguu yangu,
kidole cha pili kilichokizidi gumba.
"Hicho chetu," akasema, akavua kiatu.
Mimi mwalimu, najua kidole si ushahidi.
Nikavua cha pili hata hivyo.

"Kwetu Tunduru," akasema, "kuna hadithi fupi sana.
Mtoto alikwenda mtoni na mtungi.
Mtungi ulipatikana.
Tangu hapo kila kizazi msichana mmoja hupewa jina lake,
Nambewe, ili akirudi
asikute tumelipoteza na lenyewe.
Wa sasa yuko darasa la kwanza. Mtundu huyo!"

Nikamwuliza kwao mtu akijikwaa husemaje.
Nilijua. Nilitaka tu kulisikia
likitoka kwenye mdomo mwingine.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, msuli umemkaa vizuri,
tasbihi haisogei.
"Ukoo," akasema, "hauandikwi kwa mate."
Akaingia chumbani. Tukasikia redio ikipandishwa sauti.
Tausi akaviosha vikombe, hata visivyotumika,
maana hakujua mikono aiweke wapi.

Ilikuwa baada ya isha, mgeni keshaondoka,
jenereta la ghorofa jirani likitikisa madirisha,
Mjomba alipotoka, akashusha fremu ukutani,
akapuliza vumbi.
Kando ya jina la babu yake mzaa mama
palikuwa na nafasi, upana wa kidole.
Sijui kama mwandishi aliiacha makusudi
au wino ulimwishia.
"Hilo jina," akasema, "la huko mtoni. Linaanza na herufi gani?"
Nikamwambia.
Akakaa kimya mpaka jenereta likazimika.
"Andika," akasema.
"Lakini kwa penseli."