Namba Iliyo Nyuma ya Mashine

Nisomee namba iliyo nyuma ya mashine, anasema.
Nimelala chali kwenye sakafu ya stoo,
tochi mdomoni, simu begani,
nazisaka herufi chini ya vumbi la kahawa:
saba, saba, M ya Machame –
M ya nini?
Hapajui Machame. Huko aliko
hata mvua inayopiga bati letu haisikii.

Subiri kidogo.
Muziki.

Taa ya diski ya tatu ni ya njano tangu Jumanne.
Ikifa moja zaidi, zinakwenda na maji
kilo za wakulima elfu mbili mia nne,
tangu ule msimu wa elnino
buni zilipoota ukungu magunini.

Samahani kaka, bidhaa hiyo imestaafu.

Imestaafu?
Naigeukia. Feni zinavuma, bati lake la moto.
Hakuna aliyeiaga,
hakuna aliyeipa blanketi wala saa ya ukutani.
Programu ya kuitibu ipo, anasema,
ila ni ya wenye mkataba.
Mkataba nao upo,
ila ni wa mashine zisizozidi miaka saba.
Na mashine isiyozidi miaka saba, dada,
ingenilaza hapa chini?

Anacheka. Kisha anakumbuka
kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa.

Mlangoni yupo Mama Ndeshukurwa wa Mwika,
stakabadhi ndani ya mfuko wa rambo,
amefuata malipo ya pili.
Inaumwa nini?
Uzee, mama.
Anaguna.
Mibuni yangu aliipanda baba mkwe.
Ikichoka tunaikata shina, inachipua.
Hao waliowauzia hawana panga?

Jumamosi nilikwenda Majengo kwa Eliamani,
muuza vyuma chakavu.
Katikati ya rimu za baiskeli na pasi za mkaa
nikaiona, ndugu yake kabisa,
imetoka kwenye tawi la benki lililofungwa.
Aliipima kwenye mzani.
Elfu nane, akasema, na hii sumaku nakuongezea.
Sumaku! Juu ya diski!
Nilikimbia nayo kifuani kama mtu aliyeiba kuku.

Usiku umeme ulikatika mara mbili.
Asilimia nne. Asilimia kumi na moja.
Sijui niliomba kwa lugha gani.
Alfajiri nikaona kijani,
na Kibo nje, kweupe, bila wingu,
sikuwa na nguvu ya kuutazama mlima.
Niliwasha printa ya sindano
nikaanza kuchapa majina yote,
maana ndugu wa pili wa ile diski hayupo Majengo.

Wiki tatu zikapita. Ujumbe ukaingia:
Mpendwa mteja,
kuanzia moja hadi kumi,
umeridhika kiasi gani na huduma yetu?

Nikaandika, tarakimu kwa tarakimu,
kwa kichwa, bila tochi,
namba iliyo nyuma ya mashine.