Dari

Tulikaa vilabu sita kwenye ukumbi wa ushirika
tukaandika dari kwa wino mweusi:
milioni mbili na nusu kwa mwezi, timu nzima,
kipa, kocha, hadi anayefua jezi.
Atakayezidisha hata mia, akatwe pointi tatu.
Nilisaini mimi, mhazini wa Reli Kiloleni,
mwalimu wa hesabu, darasa la saba.
Nilijiona nimetenda haki. Nilisema, sasa
fukara na fukara mwenzake
watapimana kwa miguu, si kwa mifuko.

Miezi mitano dari ilikaa juu ya vichwa vyetu
bila mtu kuigusa.
Kisha Nkwabi akarefuka.

Sisemi urefu wa mwili.
Nasema lile jambo la Urambo, mechi ya Machi,
alipoupokea mpira kwa kisigino kwenye tope
akawapita watatu kama apitaye mzingani
bila kuwaudhi nyuki,
na beki wa mwisho akabaki amekaa chini
akikitazama kiatu chake mwenyewe.
Jumatatu simu zikaanza. Shinyanga. Mwanza.
Sauti zisizojua kusalimia.

Nilijumlisha mara nne. Jumla haikunihurumia:
nikimwongeza Nkwabi elfu hamsini
namnyang'anya Shigela, beki wa kushoto,
mwenye mapacha, na bati zinazovuja.
Ndipo Kapaya, mwenyekiti, mwenye mizinga Sikonge,
akafunga mlango, akasema polepole:
"Dari imezuia pesa. Asali imeitaja wapi?"

Ndoo mbili kila mwisho wa mwezi
zilivuka usiku kwa baiskeli hadi Isevya,
kwa mama yake, aliyeuza chupa kwa chupa
stesheni, treni ya Kigoma inaposimama.
Sikuandika popote.
Mimi, ninayewakata watoto alama
kwa kutoonyesha njia.

Mwezi wa nane akaja mtu wa Mbeya, Mwambeje,
viatu vikilia sakafuni,
na fomu ya uhamisho, kurasa mbili.
Milioni kumi na moja kwa klabu, alisema,
nasi tuna deni la basi, la nyavu,
la goti la kipa pale Kitete.
Kipengele cha saba:
*Mchezaji analipwa kiasi gani kwa sasa?*

Nkwabi alikuwa kwenye benchi la wageni,
mikono katikati ya magoti,
kama aliyeitwa kwa kosa la mtu mwingine.
Nikamtazama. Akainua macho
kwenye dari ya ofisi, ule ubao
uliovimba kwa mvua za mwaka juzi.
Nikaandika: laki moja na themanini.
Kalamu ikasita.
Nikaongeza, kwa mwandiko wangu wa ubaoni:
*na ndoo mbili za asali.*

Mwambeje alisoma, akacheka, akapiga muhuri.
Ligi haikucheka. Tulikatwa pointi tatu,
tukashuka hadi nafasi ya tano,
na vilabu vitano vikapiga kelele wiki nzima,
ingawa yule wa Nzega, tulipokutana benki,
alininong'oneza kwamba wao hulipa kwa mchele.

Aliondoka na basi la alfajiri.
Mama yake hakulia. Alikuwa akihesabu chupa tupu.
Deni la basi limekwisha. Shigela ameezeka upya.
Nasikia kule analipwa mara nne
na anakaa benchi,
na dari yao, kama wanayo,
haionekani kwa mtu aliyesimama chini.

Jana kaja kijana wa Ipuli, miaka kumi na tisa,
mguu wa kushoto kama wembe.
Nilimsomea mkataba neno kwa neno,
dari nikaisoma mara mbili,
na adhabu yake.
Alisikiliza vizuri. Akachukua kalamu,
akaigeuza geuza vidoleni,
akauliza kwa adabu kabisa:
"Sawa, mwalimu. Na ile ndoo?"